Tazama Shingo ya Chupa Kwanza

Mama mmoja alinijia kliniki akiwa amebakiza siku 9 arudi kazini. Mtoto wake wa kike alikuwa na wiki 11, mashavu yamejaa, na tangu azaliwe hajaonja kitu zaidi ya titi. Tulipomaliza kumpima uzito, mama akafungua mkoba akapanga chupa 3 mezani kwangu. Moja alinunua mwenyewe Kariakoo, ya pili ilikuwa zawadi ya wenzake wa kazini, ya tatu alirithi kwa dada yake.

"Sista, naomba unichagulie," akasema. "Zote wameandika zinafanana na titi."

Nikaishika ile ya urithi, ambayo ndiyo iliyokuwa ya bei kubwa kuliko zote. Nikafungua pete, nikatoa chuchu, nikachomoa kijibomba cha ndani cha kupitishia hewa na kile kijiraba kinachokaa chini yake. Nikaingiza kijiti cha pamba ndani ya kijibomba. Kilitoka na utando wa njano, unanata, unanuka maziwa yaliyochacha.

"Lakini jana usiku nimeichemsha," mama akasema, sauti imeshuka.

Ninamwamini. Aliichemsha ikiwa nzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba inafunguka hadi huko ndani. Maziwa ya mama yana mafuta. Yakikauka kwenye kona, kuchemsha peke yake hakuyaondoi. Lazima yasuguliwe kwanza. Ndiyo maana nilimwambia, na ninawaambia wote wanaoniuliza: chupa ya mtoto anayenyonya ichaguliwe kwa mambo mawili, inavyoosheka na inavyotoa maziwa polepole. Hilo la kufanana na titi liacheni lipite.

Naomba nilieleze hili la kufanana, maana ndilo linalowatoa kina mama fedha nyingi. Mtoto anayenyonya vizuri hashiki chuchu peke yake. Anafungua kinywa kama anayepiga mwayo, anachukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ule weusi unaoizunguka, na nyama hiyo laini inavutika ndani hadi karibu na pale kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini. Ulimi ukishuka, mvuto unaongezeka na maziwa yanatoka. Tena hayaji papo hapo. Mtoto huanza kwa kunyonya harakaharaka, midomo inachezacheza, mpaka homoni ya oksitosini ibane vifuko vya maziwa ndani ya titi. Hapo utaona mwenendo umebadilika: anavuta, anameza, anapumua, anavuta, anameza, anapumua. Maziwa yakipungua anapumzika, kisha yanashuka tena. Mtoto ndiye anayeendesha shughuli nzima.

Hakuna raba wala silikoni inayovutika hivyo. Na chupa ikishainuliwa juu, maziwa yanashuka kwa uzito wake, mtoto avute asivute. Tofauti kubwa iko hapo, kwenye mwendo wa maziwa, na umbo la nje haliwezi kuifuta. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inazihusu chupa na chuchu zake pia, na inakataza zisitangazwe kwa umma. Waliotunga kanuni hiyo walijua jinsi mzazi mwenye hofu anavyoweza kushawishika na picha.

Kuhusu umbo nina neno moja tu. Chagua chuchu inayopanuka taratibu kutoka nchani hadi kwenye kitako, ili midomo ya mtoto ifunguke na kuishika kwa upana. Zipo zenye kitako kipana kama sahani, halafu katikati panachomoza kincha kifupi. Kwa macho zinafanana na titi kweli, lakini mtoto huishia kushika kile kincha tu, midomo imebanwa kama anayevuta mrija. Akizoea hivyo, akirudi kwako atashika chuchu juujuu na wewe utaumia.

Sasa tundu. Chuchu nyingi zimeandikwa "mtoto mchanga" au "polepole", na mama anaona kazi imekwisha. Maneno hayo hayana kipimo kimoja. Watafiti wa Marekani waliopima chuchu za kampuni mbalimbali walikuta zenye maandishi yaleyale zikitofautiana sana, nyingine zikimwaga maziwa mara kadhaa zaidi ya wenzake. Jipimie mwenyewe. Tia maji yaliyochemshwa na kupoa, pindua chupa, usiitikise, usiibonyeze. Tone moja, tone jingine, kwa mwendo wa mshale wa sekunde: hiyo inafaa. Maji yakitiririka, iache. Rudia kupima mara kwa mara, kwa kuwa chuchu hulegea kwa kuchemshwa, na ikianza kunata au kuonyesha ufa, itupe.

Na ile sindano ya moto naomba ikome. Ninakutana na chuchu zilizotobolewa kwa sindano iliyochomwa kwenye jiko la mkaa, matundu matatu manne, eti mtoto anachoka kuvuta, au ili uji upite. Tundu la sindano lina kingo zilizochanika, halisafishiki, na linammiminia mtoto asiyejua kusema "ngoja". Uji wenyewe haujafika wakati wake. Mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi 6, na baada ya hapo uji unaliwa kwa kijiko.

Mtoto anayemiminiwa anasema kwa mwili. Mtazame vidole: vimekunjuka vyote, vimetawanyika. Macho yametoka, nyusi zimekunjana, maziwa yanachuruzika pembeni mwa mdomo, anameza mfululizo bila kuvuta pumzi. Watu humtazama wakasema ana njaa kweli huyu! Anajitahidi asipaliwe. Chupa ikiisha ndani ya dakika 5 amekunywa kuliko haja yake, na jioni mama anarudi na kuamini kwamba maziwa yake hayamtoshi.

Nirudi kwenye kuosha, kwa sababu historia ya chupa ina somo ambalo linanigusa sana. Huko Uingereza, katika nusu ya pili ya karne ya 19, ilipendwa chupa bapa ya kioo yenye mpira mrefu unaoishia na chuchu. Ilikuwa raha: mtoto analazwa, anawekewa chuchu mdomoni, anajinyonyea mwenyewe huku mama akiendelea na kazi. Mwaka 1861 Isabella Beeton, ambaye kitabu chake cha utunzaji wa nyumba kilisomwa na wengi mno, aliwaambia wasomaji kwamba chuchu ikishafungwa vizuri haina haja ya kutolewa hadi siku ya kuwekwa mpya, yaani kama wiki 2 hivi. Ule mpira haukuweza kuoshwa ndani. Maziwa yaliganda humo, vijidudu vikazaliana, na watoto wakafa kwa kuharisha. Chupa hizo zikaja kuitwa chupa za mauaji, madaktari wakazilaani, nazo zikaendelea kuuzwa kwa miaka mingi. Ufaransa ilizipiga marufuku kwa sheria mwaka 1910.

Ninapokiona kijibomba ndani ya chupa ya leo, nauona ule mpira. Najua kimewekwa kwa nia njema, kupunguza hewa anayomeza mtoto, na katika nyumba yenye maji ya bomba usiku na mchana, brashi nyembamba ya kuingia humo na mtu mwenye subira, kitaoshwa. Lakini nyumba nyingi ninazozijua maji yananunuliwa kwa dumu, na anayeosha chupa ni dada wa kazi ambaye wakati huohuo ana sufuria jikoni na mtoto mgongoni. Kila kipande kinachoongezwa kwenye chupa ni kona nyingine ya kusahaulika. Tumbo la hewa la mtoto mara nyingi hutulia kwa kumnywesha akiwa ameketi wima na kumcheulisha katikati, bila kifaa chochote.

Kwa hiyo tazama shingo ya chupa kwanza. Iwe pana kiasi cha kuingiza vidole viwili na brashi, kuta zake zinyooke, chini pasiwe na kona kali. Iwe na vipande 4 na si zaidi: chupa, chuchu, pete, kifuniko. Iwe angavu, uone ndani. Kioo ndicho kisafi kuliko vyote, hakishiki harufu wala michubuko, ila kinavunjika na kinaunguza mkono. Plastiki ya polipropilini, yenye namba 5 ndani ya alama ya pembetatu chini ya chupa, inavumilia kuchemshwa. Zile za zamani za plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo ziachwe. Nyingi zilitengenezwa kwa polikaboneti yenye kemikali ya BPA, ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye chupa za watoto mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012. Hiyo nayo ni sababu ya kutopokea urithi. Kuosha ni palepale mtoto akimaliza: tenganisha, suuza, sugua kwa maji ya moto na sabuni kwa brashi isiyooshewa vyombo vingine, kisha chemsha dakika 10 kila kitu kikiwa kimezama.

Ukubwa usikusumbue. Chupa ndogo ya mililita 120 au 150 inamtosha mtoto wa titi. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa 6 anakunywa kwa wastani mililita 750 hadi 800 kwa siku, na kiasi hicho hakipandi kila mwezi kama wengi wanavyodhani. Ni kama 30 kwa kila saa. Mama anayetoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni aache 300 hivi, ziwe chupa 3 za 100. Usijaze moja kubwa, kwa maana yatakayobaki baada ya mtoto kutia mdomo yanatakiwa yatumike ndani ya muda wa saa 2, la sivyo yamwagwe, na hakuna kinachouma kama kumwaga maziwa uliyoyakamua saa 10 alfajiri. Yaliyokamuliwa upya yanakaa nje ya friji muda wa saa 4 kama chumba hakizidi nyuzi 25; joto la Dar es Salaam mwezi Februari linazidi hapo, basi yapelekwe kwenye friji mara moja. Humo yanakaa siku 4.

Wakati wa kuanza chupa pia uangaliwe. Mama wengi wananunua chupa pamoja na kanga na nepi, kabla hawajajifungua. Siku ya kwanza mtoto anakunywa dang'a kwa kiasi cha kupimwa kwa kijiko cha chai. Chupa haina kazi hapo. Subirini wiki 3 au 4, mtoto aijue vizuri kazi ya kunyonya na maziwa yakae sawa. Akilazimika kunyweshwa maziwa ya kukamua kabla ya hapo, kwa kuwa ni njiti au anaumwa na hawezi kunyonya, vipo vyombo vingine vya kutumia.

Nami nilitaka kufika hapo na yule mama. Nilipomaliza kuzikagua, ilibaki chupa moja, ile ya Kariakoo, ya bei ndogo, angavu, isiyo na kijibomba. Kisha nikafungua kabati nikatoa kikombe cha kahawa, finjani ya kawaida isiyo na mkono, kama ya muuza kahawa wa barazani, ila hii ni ya kazi hii tu. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa kimya kwenye benchi, akashtuka.

"Kikombe, mwanangu? Mtoto huyu?"

"Huyuhuyu, bibi. Shikamoo, sikukuamkia vizuri. Njoo umpakate."

Akamketisha wima mapajani, kichwa kimeegemea mkono, kanga imefungwa mikononi mtoto asipige kikombe. Mama alikuwa amekamua kidogo. Nikagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, nikakiinamisha mpaka maziwa yafike kwenye midomo, nikaacha hapo. Kumimina hapana. Mtoto akanusa. Ulimi ukatoka, ukagusa, ukarudi. Akatulia, kisha akavuta funda la kwanza kwa sauti, akameza, akapumua, akavuta tena. Mengine yalidondokea kwenye kanga. Alipofunga mdomo tukasimama, alipoufungua tukaendelea.

"Anakunywa kama mtu mzima," bibi akasema, na hakukubali kunirudishia kikombe mpaka kikaisha.

Kikombe hakina shingo, hakina tundu, hakina kona. Kinaoshwa kwa kitambo kidogo, na mtoto ndiye anayeamua mwendo. Kina kasoro yake: kinamwagika kidogo, na kinataka mtu aliyekaa. Kwangu hilo la mwisho ni faida, maana huwezi kukiegemeza kwenye mto ukaenda kufua. Dada wa kazi asiyekiweza, atumie chupa, lakini kwa namna hiyohiyo: mtoto wima, chupa imelala usawa na sakafu, ishushwe kila baada ya mafunda machache apumue. Afundishwe siku kadhaa kabla, mama akiwepo nyumbani, si asubuhi ya kwanza ya kazi.

Kabla hajaondoka nikamkumbusha jambo jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ileile inayompa siku 84 za likizo, au 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja, inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Anakaa Buguruni, anafanya kazi Ilala. Akapiga hesabu ya bodaboda kwa vidole, akamtazama mama mkwe wake.

"Mama, ukimleta mchana pale getini saa 7, chupa zitakuwa mbili tu."

"Nitamleta," bibi akasema, huku akikikung'uta kile kikombe na kuniuliza vinauzwa wapi.