Mfumo wa Kujitengenezea na Gharama Zisizo na Kifungu

Kampuni nyingi hapa nchini zinaamini kwamba mfumo wa kompyuta ukitengenezwa na vijana wao wenyewe hautagharimu kitu. Mishahara inalipwa kila mwezi, kompyuta zipo, umeme upo. Basi waandike programu. Mimi ni mhasibu. Nimefunga hesabu za kampuni za Tabora tangu enzi za leja za karatasi, na nasema bila kusita kwamba fedha nyingi zinapotelea hapo bila mtu kuziona zikitoka.

Kampuni moja iliyokuwa ikihudumia wakulima wa tumbaku, ambayo sitaitaja jina, iliamua kujitengenezea mfumo wa kupokea mazao na kufuatilia madeni ya pembejeo. Kazi walipewa vijana wa idara ya TEHAMA, makao makuu, Dar es Salaam. Walikuwa hodari. Lakini maelezo ya kazi waliyapata kwa mameneja, ukumbini, si kwa karani anayesimama kwenye mzani Kaliua au Sikonge. Siku ya soko karani huyo anapima robota, anaandika namba ya mkulima, anasubiri daraja litajwe. Na robota likikataliwa, linarudi kwa mwenyewe likapangwe upya. Mfumo haukuwa na nafasi ya robota lililokataliwa. Ukishaliingiza, limeuzwa. Tena kila hatua ilitaka intaneti, na vijijini kwenye tumbaku mtandao hukatika wakati wowote.

Makarani wakajitafutia njia: mchana wanaandika kwenye daftari, usiku wanaingiza kwenye kompyuta. Kazi moja ikafanywa mara mbili, na malipo ya saa za ziada yakadaiwa. Nani aliziandika saa hizo kuwa gharama ya mfumo? Hakuna. Ziliingia kwenye mishahara ya msimu. Safari za vijana kuja Tabora kurekebisha ziliingia kwenye usafiri. Semina ya makarani, pamoja na ukumbi na posho zake, ikaingia kwenye mafunzo, na seva ikaingia kwenye vifaa vya ofisi. Kijana aliyeandika sehemu kubwa ya programu alipopata kazi kwingine, mrithi wake alitumia miezi akijaribu kuelewa alichoachiwa, na malipo yake ya miezi hiyo yakaandikwa kuwa mshahara tu. Bodi ilipouliza mfumo umekula kiasi gani, hapakuwa na ukurasa wa kuwaonyesha. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuusimamisha. Kila msimu uliombewa marekebisho kidogo, na kila msimu yakakubaliwa, kwa sababu kiasi kilichoombwa siku hiyo kilikuwa kidogo kweli.

Tabora tunajua mradi mkubwa unavyoanguka. Magharibi yetu iko Urambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikikusudia kufyeka na kulima ekari zaidi ya milioni 3. Hawakuanza na shamba dogo la majaribio. Mashine zilizobaki vitani ziliharibika porini, vipuri vikachelewa, udongo wa Kongwa ukakauka ukawa haulimiki, mvua ikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na takribani pauni milioni 36 zikafutwa. Urambo baadaye ikageuka nchi ya tumbaku.

Hasara ile ilikuwa kubwa mno, lakini leo tunaweza kuitaja kwa tarakimu. Fedha zilitoka hazina ya Uingereza, wabunge wakahoji, magazeti yakaandika, mwisho serikali ikalazimika kukubali kwamba basi. Wakurugenzi wa kampuni niliyoieleza hawakuwahi kupewa hata tarakimu moja ya kuigombania.

Serikalini kwetu angalau yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeweka Mamlaka ya Serikali Mtandao kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma. Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza mifumo ya serikali isomane ifikapo Desemba mwaka huo, agizo lililoonyesha wazi jinsi kila taasisi ilivyokuwa imejijengea mfumo wake. Kampuni binafsi haina wa kuiuliza hivyo isipojiuliza yenyewe.

Hata matajiri wa Ulaya yamewakuta. Lidl, kampuni ya Ujerumani yenye maelfu ya maduka, ilinunua mfumo wa kompyuta wa SAP kisha ikang'ang'ana kuugeuza ufuate mazoea yake, mojawapo likiwa kuthamini bidhaa kwa bei ya kununulia wakati mfumo ulizoea bei ya kuuzia. Mwaka 2018, baada ya kama miaka 7, iliuacha. Vyombo vya habari vilitaja hasara ya kiasi cha yuro milioni 500. Naiheshimu Lidl kwa jambo moja: ilisimama.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi wa kampuni zetu, za Tabora na kwingineko. Vyama vya ushirika tayari vina MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kabla ya kujenga wenu, mwulizeni karani wa mzani ni kitu gani hasa hakimo kwenye mifumo iliyopo. Mkiona bado kuna haja, mwambieni mhasibu afungue kifungu kimoja chenye jina la mfumo huo, na kila saa ya mtumishi, kila nauli na kila posho iandikwe humo. Mfumo ufanye kazi kwenye kituo kimoja, msimu mmoja, mbele ya mkulima na robota lake. Na kiwango cha juu cha matumizi kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha bodi kabla kijana hajaandika mstari wa kwanza wa programu.