Fahamu: Manukato na Makopo ya Sprei katika Safari ya Ndege

Msafiri atokaye mtaa wa Tena, Nairobi, akielekea Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ili aende Doha au Muscat kutafuta riziki, aghalabu hufunga virago vyake katika harakati za kuagana na jamaa, asijue kuwa chupa ya mafuta ya kujipaka ya mililita 200, hata ikiwa imebaki nusu, haikubaliwi katika mkoba wa mkononi, kwa sababu kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, wala si kadiri ya kilichomo.

Kanuni hiyo, iliyozaliwa baada ya kugunduliwa huko Uingereza, Agosti 2006, njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, yaruhusu vyombo visivyozidi mililita 100, navyo vikusanywe katika mfuko mmoja wa lita 1, uonyeshao ndani na wenye kufungika. Tanzania, ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ilimwachia mgeni mfuko huo, kwa sharti asiutupe nchini.

Ama makopo ya sprei ya kwapa na ya nywele, mahali pake ni sanduku la kupakiwa: kila moja lisizidi mililita 500, jumla ya vipodozi hivyo isizidi lita 2 kwa mtu, na vifuniko viwepo visije vikabonyezwa; kwani gesi iliyoshindiliwa humo, mara nyingi ya jamii ya ile tupikiayo, ikivuja penye cheche huwaka. Dawa ya kuulia mbu yenye kushika moto imekatazwa kabisa, mkononi na sandukuni. Tafadhali, ndugu msafiri, iache nyumbani.