Ndagala na Lumpu: Ndugu Wawili Katika Fungu Moja

Katika masoko ya Gitega na Muyinga, mbali na ziwa, ndagala wakavu huuzwa wakiwa wamekwisha kuchanganywa. Mnunuzi hudhani ni samaki wa aina moja, wakubwa kwa wadogo, naye huchagua kwa bei tu. Kumbe katika fungu hilo mna ndugu wawili.

Wote ni wenyeji wa Ziwa Tanganyika, na ukoo wao ni ule wa sardini wa baharini. Wa kwanza ni ndagala hasa, ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae. Ni mwembamba, hung'aa kama fedha, na urefu wake ni kama sentimita 10. Huishi kwa makundi katika maji ya kilindi, akila vijidudu vieleavyo majini. Wa pili ni lumpu, yaani Limnothrissa miodon. Huyu ni mnene zaidi, aweza kufikia sentimita 17, na akisha kukua hula hata vifaranga vya ndagala.

Ustahimilivu wa lumpu ulidhihirika mwishoni mwa miaka ya 1950, vifaranga vya samaki hao wawili vilipopelekwa Ziwa Kivu. Ndagala hakudumu huko. Lumpu alizaana, na leo watu wa Bukavu na Goma humwita sambaza.

Hata hivyo, lumpu ana udhaifu wake. Watoto wake hukulia karibu na ufuko, ambako kokoro lenye macho madogo huwazoa kabla hawajazaa. Samaki wa Tanganyika asiyefika sentimita 5 ni mtoto bado, awe lumpu au ndagala. Anayemnunua kwa kuwa ni rahisi anakula mbegu ya mwaka ujao.

Kwa jamaa wa Muyinga, walio jirani na Tanzania, yafaa kukumbuka kwamba dagaa wa Ziwa Viktoria si wa ukoo huu. Yeye ni wa jamii ya ningu, na huzaa akiwa mdogo. Kipimo hicho hakimhusu.

Basi mama aendaye sokoni atandaze samaki kiganjani kabla ya kulipa. Achague waliokomaa, wakavu, wasio na mchanga. Samaki hawa huliwa wazima pamoja na mifupa, nayo huwapa watoto madini ya kujenga mifupa na meno yao. Chakula cha namna hiyo, kwa familia inayotegemea mshahara mmoja, si cha kuachiwa kimalizike ufukoni.