Ghala limejaa, njaa haiishi: homoni, kitambi na presha

Leo tuiache mbolea kidogo, tuongelee mwili unaoshika jembe.

Mwaka 2022 serikali ilitugawia maafisa ugani pikipiki. Kabla ya hapo vijiji vya jirani na Songea mjini nilivifikia kwa baiskeli. Sasa nafika kwa wengi, ila na kitambi nacho kimefika. Juzi kwenye mkutano wa kikundi alikuja muuguzi na kipimo cha presha. Nikajitokeza wa kwanza ili niwe mfano: 158 kwa 98! Mama mmoja akasema, "Bwana shamba, kumbe na wewe?" Tukacheka, lakini usiku sikulala.

Nikaanza kusoma. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni inayoitwa grelini, ambayo huuambia ubongo kuna njaa. Mafuta ya mwilini nayo hutoa leptini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake. Leptini ni kama mtunza ghala. Magunia yakijaa anapeleka taarifa: inatosha, msilete tena.

Kitambi kikikua, leptini inazidi. Ubongo ukiletewa taarifa ileile kila siku, sehemu inayosimamia hamu ya kula inaacha kuisikia. Unaongeza ugali wakati ghala limejaa.

Ubaya ni kwamba ile sehemu ya ubongo inayoamsha neva bado inasikia. Neva zinazokwenda kwenye figo na mishipa ya damu zinachangamka kupita kiasi. Figo zinabakiza chumvi na maji, mishipa inabana. Chukua mpira wa kumwagilia, fungulia maji zaidi, halafu ubinye. Hiyo ndiyo presha. Leptini siyo sababu pekee. Kuna chumvi, kurithi, umri, pombe, na mafuta yanayozibana figo zenyewe.

Tufanye nini?

1. Tupime, hata kama hatuumwi. Presha ikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, nenda kituo cha afya. Ukipewa dawa, usiache kwa sababu umejisikia vizuri.

2. Tusiuze maharage yote. Maharage, dona na mboga za majani vinashibisha muda mrefu kuliko sembe tupu.

3. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya kununua.

4. Tulale. Ukikesha kituo cha kuuzia mahindi usiku hadi usiku, grelini inapanda na leptini inashuka. Ndiyo maana asubuhi unatamani chapati nne.

5. Tupunguze uzito taratibu. Hata kilo chache zikitoka, presha hushuka.

Mimi nimerudia baiskeli kwa mashamba ya karibu. Ukinikuta mlimani nahema, usinionee huruma, nisalimie tu. Na mkutano ujao njoo na mwenzako, sote tupimwe.

Kazi njema.