Kuondoa Gasketi Iliyoganda: Sayansi Katika Pampu ya Maji ya Motokaa

Injini ya motokaa huunguza petroli au dizeli, na joto la gesi ndani ya silinda huweza kupita nyuzi 2,000 za Sentigredi kwa kitambo kidogo sana. Aluminiamu, ambayo sehemu nyingi za injini hutengenezwa kwayo, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kwa hiyo joto lazima liondolewe bila kukoma. Kazi hiyo hufanywa na maji ya kupozea, na pampu ndiyo inayoyazungusha kati ya injini na rejeta.

Pampu ikichakaa hubadilishwa. Kufungua boliti zake si kazi kubwa. Taabu huanza pale pampu inapotoka na gasketi ikachanika, nusu yake ikabaki imeganda kwenye injini. Namna fundi atakavyoiondoa nusu hiyo ndiyo itakayoamua kama pampu mpya itadumu au itavuja.

Kazi ya gasketi

Uso wa chuma, hata uliosawazishwa kwa mashine, una vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Nyuso mbili za namna hiyo zikikutanishwa, hugusana kwenye vilima tu, na maji hupenya mabondeni. Gasketi ni utando mwembamba wa karatasi maalumu au mpira, ulio laini kuliko chuma. Boliti zinapokazwa, utando huo hubanwa na kuyajaza mabonde.

Kizuizi hicho hupambana na nguvu halisi. Mfuniko wa rejeta huyafungia maji hadi kanieneo yake izidi ile ya hewa ya nje, katika motokaa nyingi kwa takriban kilogramu 1 kwa kila sentimita ya mraba. Faida yake huonekana milimani. Katika mji wa Iringa, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maji yaliyofungiwa katika rejeta nzima huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Gasketi ikivuja, maji hupungua na kanieneo hushuka. Gari lililosheheni mizigo likiwa linapanda mlima wa Kitonga, maji yaliyobaki huchemka, na kichwa cha silinda huweza kupinda.

Kwa nini gasketi huganda

Sababu ni nyingi, nazo hufanya kazi pamoja. Kwanza, joto la miaka mingi huigeuza gundi iliyomo ndani ya gasketi kuwa ngumu na kavu. Pili, maji yenye chumvichumvi huacha ukoko, na kutu huota ukingoni. Vyote viwili huingia katika vinyweleo vya chuma na kuishika karatasi. Tatu, mafundi wengine hupaka gundi ya ziada wakati wa kuifunga.

Zaidi ya hayo, metali hazitanuki kwa kiasi kimoja. Kipande cha aluminiamu chenye urefu wa sentimita 10 kikipashwa joto kutoka nyuzi 20 hadi 90 hurefuka kwa milimita 0.16 hivi, cha chuma cha kusubu hurefuka kwa nusu ya kiasi hicho. Pampu ya aluminiamu iliyofungwa kwenye injini ya chuma husuguana na gasketi kila injini ipatapo moto na kupoa, hata karatasi ikachakaa na kupasuka.

Hatari ya patasi na msasa

Chuma cha pua ni kigumu kuliko aluminiamu. Patasi au bisibisi ikikwangua gasketi, hukwangua na uso ulio chini yake. Mkwaruzo unaoanzia kwenye tundu la maji hadi ukingo wa nje ni hatari kuliko yote, kwani huwa mfereji ambao gasketi mpya huenda isiuzibe.

Msasa unaozungushwa na mashine huonekana kuwa mkombozi, lakini huacha mashimo mapana katika aluminiamu. Aidha, chembe zake mara nyingi ni oksidi ya aluminiamu, iliyo ngumu kuliko chuma cha pua. Zikiingia katika oili ya injini, huzisaga beringi.

Njia iliyo salama

Injini na ipoe kabisa kabla ya mfuniko wa rejeta kufunguliwa, kwani maji yaliyofungiwa yakifunguliwa yakiwa na moto huruka na kuunguza. Maji ya kupozea yenye glikoli yakingwe katika chombo na kufichwa mbali na watoto na wanyama; ni matamu, tena ni sumu. Pampu igongwe taratibu kwa nyundo ya mti, wala isichokolewe kwa bisibisi kati ya nyuso mbili. Matundu yazibwe kwa vitambaa safi.

Kisha masalio yapakwe dawa ya kulainishia gasketi na kuachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Fundi avae glavu na miwani, na afanye kazi penye hewa ya kutosha. Masalio yaliyolainika yakwanguliwe kwa kipande cha plastiki ngumu au cha mti, na dawa irudiwe inapobidi. Mwisho uso upanguswe, rula iliyonyooka iwekwe juu yake, na mwanga utazamwe chini ya rula: ukipenya, uso haukunyooka.

Gasketi za zamani zahitaji hadhari ya pekee, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, na jicho haliwezi kuitambua. Vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo gasketi ya zamani ilowanishwe, isipigwe msasa ikiwa kavu, wala vumbi lisipulizwe.

Jaribio la darasani

Mwalimu achukue kipande cha sufuria kuukuu ya aluminiamu na kubandika juu yake vipande vitatu vya karatasi kwa uji mzito wa unga. Vikishakauka, kimoja kiondolewe kwa msumari, cha pili kwa kijiti cha mti mgumu, na cha tatu kilowanishwe kwa maji dakika 15 kabla ya kukwanguliwa kwa kijiti. Wanafunzi wapitishe ukucha juu ya kila sehemu, waandike muda uliotumika na mikwaruzo iliyobaki, kisha waeleze ni njia ipi ingefaa kwa uso unaopaswa kuzuia maji.