UTI: Mbona dawa iliyokuponya mwaka jana haikuponyi leo?

Mkojo unachoma, haja ndogo haiishi, tumbo la chini linauma. Unakwenda duka la dawa, unataja UTI, unapewa vidonge vile vile vya mwaka jana. Safari hii siku zinapita na maumivu yako pale pale. Wengi wetu huita hali hiyo "UTI sugu". Tuangalie kinachotokea.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mara nyingi chanzo chake ni bakteria. Anayeongoza anaitwa E. coli. Huyu huishi kwenye utumbo wa binadamu, kwa kawaida bila kumdhuru. Shida huanza anapotoka eneo la haja kubwa na kuingia njia ya mkojo. Kwa mwanamke njia hiyo ni fupi, kama sentimita 4 tu, ndiyo maana wanawake huugua zaidi. Kwa hiyo tusikimbilie kulaumu choo cha jirani.

Sasa huo usugu. Ukimeza antibaiotiki, bakteria dhaifu hufa, lakini wenye uwezo wa kuihimili dawa hubaki na kuzaana. Tena wanaweza kupeana uwezo huo wao kwa wao. Anayezoea dawa ni bakteria, si mwili wako. Hapa Afrika Mashariki, E. coli wengi hawafi tena kwa amoksisilini wala Septrin.

Kuna na jambo jingine. Utafiti uitwao HATUA ulipima mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili za UTI katika Kenya, Tanzania na Uganda. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa kama mmoja kati ya kila watatu. Dalili za namna hiyo zinaweza kuletwa pia na fangasi, kichocho au magonjwa ya zinaa. Antibaiotiki haiui fangasi wala kichocho. Inawapa tu bakteria wako nafasi ya kuizoea.

Tufanyeje?

- Pima mkojo kabla ya kumeza dawa.
- Tumia dozi kama ulivyoelekezwa. Usigawane vidonge na mwenzako, wala usiweke akiba.
- UTI ikijirudia, omba rufaa kwenda hospitali inayootesha mkojo. Majibu huchukua siku 2 hadi 3, na huonyesha ni bakteria gani na dawa ipi inamuua.
- Kunywa maji ya kutosha, usibane mkojo, na mwanamke ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma.

Ukiona homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni, huenda maambukizi yamefika kwenye figo. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mama mjamzito asisubiri hata dalili hizo, kwa sababu UTI inaweza kumfanya ajifungue kabla ya wakati.