Sanaa za Maonyesho na Sauti ya Vijana Katika Chama cha Msingi

Ni jambo la kawaida katika mkutano mkuu wa chama cha msingi kuona viti vya mbele vimejaa wazee, na vijana wamesimama nje, chini ya mwembe, wakisubiri mkutano uishe. Mtunza hesabu husoma mapato na matumizi ukurasa baada ya ukurasa. Mwenyekiti huuliza kama kuna swali. Kimya hupita, na taarifa hupitishwa. Jioni ya siku hiyo hiyo, ngoma ikilia uwanjani, vijana wale wale huimba, huigiza na kujibizana mbele ya umati mpaka usiku. Kwa hiyo si kweli kwamba kijana hana la kusema. Alilokosa ni mahali pa kulisemea ambapo neno lake litasikilizwa na kuandikwa.

Jambo hili si dogo kwa ushirika. Mwanachama anayeuza pamba au kahawa yake leo atazeeka, na shamba lake litashikwa na mtu mwingine. Ikiwa mtu huyo hakijui chama, hana hisa, wala hajawahi kuulizwa lolote, atauza mazao yake kwa yeyote apitaye na fedha mkononi, na chama kitabaki na ghala tupu na madeni. Kanuni za ushirika zilizokubaliwa na vyama vya ushirika duniani mwaka 1995 zinalitambua hilo. Kanuni ya tano, ihusuyo elimu, mafunzo na taarifa, inavitaka vyama viueleze umma maana na faida za ushirika, na inawataja vijana waziwazi. Hapa yanaelezwa matumizi ya ngonjera, nyimbo na maigizo katika kazi hiyo, na mambo ambayo katibu wa chama hana budi kuyaangalia.

Ngonjera: nguvu yake na upungufu wake

Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa mwezi Februari 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wa Kiswahili walifikishe kwa wananchi kwa njia ya utungo. Miongoni mwao alikuwa marehemu Mathias Mnyampala, malenga mzaliwa wa Ugogo, aliyeikuza ngonjera mpaka ikaenea katika shule na mikutano ya hadhara. Yeye alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Ngonjera ni ushairi wa majibizano. Mmoja hushika upande wa asiyejua au mwenye mashaka, mwingine upande wa ajuaye. Hushindana kwa beti zenye vina na mizani, na mwishoni hupatana. Kwa kueleza jambo gumu, haina mpinzani. Tuchukue swali lisumbualo kila msimu: kwa nini bei anayolipwa mkulima kwa kilo moja ya pamba mbegu si ile inayotajwa katika soko la dunia? Jibu ni kwamba soko la dunia hutaja bei ya nyuzi, na pamba mbegu ikichambuliwa kiwandani hutoa nyuzi karibu theluthi moja tu ya uzito wake. Sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Kisha kuna gharama za kusafirisha, kuchambua na kufunga marobota. Maneno hayo yakisomwa katika taarifa, husahaulika kabla ya chakula cha mchana. Yakiwekwa katika kinywa cha kijana mbishi anayedai ameibiwa, na mwenzake anayemjibu hesabu kwa hesabu, watoto watayaimba wakienda kisimani.

Upungufu wa ngonjera ni kwamba jibu limekwisha kuandikwa kabla ya swali kuulizwa. Ajuaye hushinda siku zote. Ikiwa beti zimetungwa na mwalimu au na afisa, kijana huwa amekariri tu mawazo ya mkubwa wake, na akishuka jukwaani hana uwezo zaidi ya aliokuwa nao alipopanda. Ngonjera yafaa kufundishia jambo lenye jibu moja. Kwa jambo ambalo wanachama wenyewe hawajaafikiana, yahitajika njia nyingine.

Mafunzo ya Malya na Kamirithu

Njia hiyo ilijaribiwa katika miaka ya 1982 na 1983 huko Malya, wilayani Kwimba, katika nchi ya Wasukuma. Wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, hawakwenda na mchezo ulio tayari. Walianza kwa kuzungumza na wanakijiji ili kujua mambo yanayowasumbua, wakayachambua pamoja nao, na vijana wa hapo hapo wakayatungia maigizo na ngoma. Baada ya onyesho watu hawakutawanyika, bali walijadili walichokiona. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni mimba za wasichana wasioolewa, jambo ambalo kila upande ulikuwa umezoea kuutupia mwingine lawama. Mambo ya namna hiyo hayasemeki kwa urahisi katika mkutano wa kawaida. Yakichezwa, kila mtu huyaona yakiwa mbele yake, na hakuna anayelazimika kuanza kwa kumtaja jirani.

Nchi jirani ya Kenya nayo ina funzo, tena lenye uchungu. Katika kijiji cha Kamirithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi waliokuwa katika masomo ya watu wazima walijijengea ukumbi wa wazi. Mwaka 1977 walicheza humo mchezo wa Kikikuyu uitwao Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu, na wanakijiji waliokuwa wakitazama waliwasahihisha waandishi katika lugha na katika habari za maisha yao wenyewe. Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi Oktoba. Mwezi Novemba ukapigwa marufuku. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Habari hiyo yaonyesha mambo mawili. Kwanza, watu wasio na elimu kubwa wakipewa nafasi huweza kuifanyia kazi sanaa na kuimiliki. Pili, sauti ya wanyonge ikipata jukwaa huwatia hofu wenye madaraka. Halmashauri ya chama isiyo tayari kuulizwa isianzishe kikundi cha sanaa, kwa maana itakivunja yenyewe.

Igizo linalosimamishwa

Augusto Boal wa Brazil, ambaye kitabu chake juu ya sanaa za maonyesho za watu wanaoonewa kilitoka mwaka 1974, aliongeza jambo moja lenye manufaa makubwa. Kwake mtazamaji haketi tu. Igizo huchezwa mara ya kwanza mpaka mwisho wake mbaya. Kisha huanzwa upya, na yeyote katika watazamaji anaweza kulisimamisha, akachukua nafasi ya mchezaji na kuonyesha ambavyo yeye angefanya. Wachezaji wengine humpinga kama ambavyo watu wangempinga katika maisha.

Tuchukue mfano wa igizo ambalo chama chochote cha wakulima wa pamba kinaweza kulitunga. Mzee ana ekari nne. Mwanawe na binti yake ndio wapandao, wapaliliao, wapuliziao dawa na wachumao. Siku ya kuuza, kijana husukuma baiskeli yenye magunia mpaka ghalani. Karani wa mizani hupima na kuandika stakabadhi kwa jina la mzee, maana ndiye mwanachama. Malipo yakitoka, kijana hupewa shati na binti kanga. Msimu wa pili kijana anaiba magunia mawili usiku na kuyauza kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa. Mzee anagundua, anamfukuza, naye kijana anapanda basi kwenda mjini. Msimu wa tatu shamba lina magugu, na chama kimepoteza mazao ya ekari nne.

Hapo igizo huanza upya. Huenda mzee mmoja katika watazamaji akasimama, akashika nafasi ya baba na kumgawia kijana ekari moja ili ajiunge na chama kwa jina lake. Mchezaji wa nafasi ya jirani atamwuliza: "Na binti naye?" Huenda msichana akasimama, akaenda kwa katibu na kuuliza kiingilio ni kiasi gani, na kama hisa yaweza kulipwa kidogo kidogo kwa makato ya msimu. Mchezaji wa nafasi ya katibu akikosa jibu, ukumbi mzima utakuwa umefahamu kwamba jibu hilo halipo, na katibu wa kweli aliyeketi mbele atajua lililo juu yake. Hakuna aliyetukanwa, lakini suala la ardhi na la jina katika stakabadhi, ambalo ndilo huwazuia vijana wengi wasiwe wanachama, limewekwa mezani na vijana wenyewe.

Kutoka jukwaani hadi kitabu cha kumbukumbu

Igizo likiishia kwenye makofi, kazi imepotea. Yafuatayo yafaa yaangaliwe:

1. Kikundi kiwe cha watu kumi hadi kumi na watano, wavulana na wasichana, na kijichagulie kiongozi wake. Mazoezi yafanyike mchana, mahali pa wazi, ili wazazi wa wasichana wasiwe na wasiwasi.

2. Kikundi kichague chenyewe jambo la kuigiza baada ya kuzungumza na wanachama. Katibu akipe taarifa sahihi za bei, makato na masharti ya chama, lakini asiandike maneno yao.

3. Watu katika igizo watambulikane kwa kazi zao, kama vile mzee, karani au katibu. Majina ya watu halisi yasitumiwe, kwani igizo si mahakama. Tuhuma ya wizi ipelekwe kwa wakaguzi ikiwa na ushahidi.

4. Onyesho liwekwe katika ajenda ya mkutano kabla ya taarifa ya fedha, likipewa muda wa kujadiliwa usiopungua muda wa kuchezwa. Usukumani, ambako mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu hufuata mavuno, umati wa msimu huo pia hufaa.

5. Katibu aandike maswali yaliyoulizwa na mapendekezo yaliyotolewa, aliyepewa kazi ya kuyashughulikia, na tarehe ya kutoa majibu. Mkutano ufuatao uanze kwa kusoma majibu hayo, na kikundi kiwepo kuyasikia.

Gharama si kubwa. Jukwaa ni kiwanja, mavazi ni yale ya nyumbani, na mizani ya ghala hutosha kuwa pambo. Hata hivyo vijana wasitumikishwe bure. Chakula cha siku ya onyesho na nauli vitengwe katika fungu la elimu ya wanachama na kuidhinishwa na mkutano kama matumizi mengine yoyote.

Hatari ya kikundi cha kusifu

Lipo kosa moja ambalo limeviua vikundi vingi kimya kimya. Kikundi huanza vizuri, kisha huitwa kila mgeni ajapo, kikaimba jina lake, kikamsifu mwenyekiti na halmashauri yake, kikapewa soda na kurudishwa nyumbani. Baada ya msimu mmoja wachezaji hodari huondoka. Vijana wa leo wanaochana mistari ya bongo fleva wamezoea kusema waliyoyaona kwa macho yao. Hawawezi kukaa muda mrefu mahali ambapo kinywa chao kimekodishwa. Wimbo wa kumkaribisha mgeni ni adabu njema na hauna ubaya. Lakini kikundi kisichowahi kuuliza swali hata moja katika mwaka mzima kihesabiwe kuwa hakijafanya kazi ya elimu, na fungu lake lichunguzwe.

Kipimo cha kazi hii hakiko katika wingi wa watazamaji. Kimo katika daftari la wanachama na kitabu cha kumbukumbu. Mwisho wa mwaka katibu aangalie: ni vijana wangapi wamelipa kiingilio kwa majina yao wenyewe, wavulana na wasichana, ni maswali mangapi kati ya yale ya onyesho yamejibiwa, na ni nani katika waliocheza amesimama katika mkutano mkuu akasema bila vazi la igizo. Siku msichana yule aliyewahi kuuliza habari za hisa jukwaani atakaposimama ukumbini, na stakabadhi yenye jina lake mkononi, na kuuliza juu ya makato ya msimu, mwenyekiti ampe nafasi, na mtunza hesabu afungue ukurasa unaohusika amjibu.